Wifi Yangu Mguu Juu

Mashindano ya kutembea yana sheria moja inayoweza kumtia mtu wazimu: wakati wote mguu mmoja lazima uwe chini. Uende kasi utakavyo, utoke jasho la ndoo nzima, lakini unyayo wa nyuma ukiondoka ardhini kabla kisigino cha mbele hakijagusa, basi umekimbia, na aliyekimbia hutolewa. Waamuzi husimama kando ya barabara wakitazama miguu tu. Sura yako hawana haja nayo. Akiona umepaa, mwamuzi anakuandikia kadi nyekundu, kadi inapelekwa kwa mwamuzi mkuu, na mbele ya jina lako ubaoni inawekwa alama. Kadi tatu kutoka kwa waamuzi watatu, unatolewa barabarani mbele za watu.

Mimi ni msusi. Mambo haya sikuyatafuta, yalinikuta kwa sababu kaka yangu alioa mtembeaji.

Alipomleta nyumbani mara ya kwanza tulimcheka mpaka tukakaa chini. Alikuwa msichana mwembamba, mpole, ila asubuhi alitoka na kaptula yake akapita uchochoroni kwetu kiuno kikienda kule na mikono ikienda huku, na majirani wote wakatoka kuangalia. Mimi sikuweza kunyamaza, mdomo wangu ni nusu ya kazi yangu. Nikamuuliza, "Wifi, ni tumbo? Choo kiko upande huu." Akanijibu bila kusimama, "Wifi, siku nikikupita uko kwenye baiskeli, usinililie." Nikampenda palepale. Na baiskeli alikuja kuipita kweli, ingawa aliyekuwa juu yake ni mimi, mtu mzito, na barabara ilikuwa ya kupanda. Nisijitetee sana.

Alipofika miaka ishirini na minne hakukuwa na mwanamke wa kumshika. Yalipokuja mashindano ya kuchagua timu ya taifa, kilomita ishirini, kila mtu alijua jina la kwanza litakuwa la nani. Siku hiyo aliniomba nisimame kwenye kona ya mwisho. Mtembeaji hageuzi shingo, maana akigeuza hatua inavurugika. Kwa hiyo anaweka mtu wake kwenye kona, mtu huyo anamtazamia nyuma na kumwambia aliye nyuma yake yuko hatua ngapi. Kando ya barabara kulikuwa na mawe yaliyopakwa chokaa, na kati ya jiwe na jiwe ni hatua kumi, kwa hiyo hesabu yenyewe hata mtoto angeiweza.

Nitasema nilichofanya, kwa sababu bila hicho habari hii haina maana.

Mzunguko wa mwisho alikuja akiwa na kadi mbili tayari. Nikatazama nyuma yake. Aliyekuwa wa pili alikuwa mbali kiasi kwamba niliona rangi ya fulana tu, mawe ishirini au zaidi. Wifi yangu alikuwa ameshinda. Alichotakiwa ni kwenda taratibu mpaka mwisho. Lakini niliona mabega yake yameshuka, nikadhani anachoka, nikadhani anazembea, na mimi mjuaji nikaona dawa ni kumtia hofu kidogo. Nikapiga kelele, "Kumi! Yuko hatua kumi nyuma yako!"

Akaongeza mwendo. Zikiwa zimebaki mita mia tatu, mwamuzi mkuu, mwanamume mwenye kofia nyeupe, aliingia barabarani akamwinulia kibao chekundu: kadi ya tatu.

Alifunikwa taulo kichwani, akaingizwa kwenye hema, hakumwona aliyekuwa wa pili akipita. Na aliyetolewa haandikiwi muda, kwa hiyo hapakuwa na namba popote ya kumwonyesha pengo lilikuwa kubwa namna gani. Alibaki akiamini kwamba alikimbizwa, akabanwa, akapaa. Nafasi kwenye timu ikaenda, na kazi iliyokuwa inamngoja kwenye kikosi cha michezo cha magereza ikaenda nayo. Watu wakasema kumbe hata ule ushindi wake wa zamani alikuwa anakimbia. Wakampa jina la Mguu Juu, na jina likamganda. Hata kaka yangu alipokasirika liliwahi kumtoka, mara moja, na nilimnyima salamu mwezi mzima. Mimi, wa kumnyima mtu salamu!

Miaka kumi na tisa nilikaa na hilo kifuani. Nilisuka vichwa vya watu nikicheka, na kila wifi alipopita mlangoni kwangu akielekea kazini, niliinamia kichwa cha mteja.

Kazi yake ilikuwa kwenye chumba cha kufulia cha hospitali. Mashuka yanaingia kwa toroli yakiwa na uchafu wa kila aina, yanachemshwa, yanakamuliwa, yanapitishwa kwenye mashine ya kunyoosha, halafu yanakunjwa na watu wawili wawili. Mvuke wa mle ndani unakulowesha kabla hujafanya kitu. Aliwahi kuniambia kwamba kukunja shuka ni lazima mwendo wako na wa mwenzako uwe mmoja, mnakutana, mnaachana, mnakutana, na kwamba siku ya zamu nzuri hupata raha kidogo miguuni. Aliposema hivyo nilijifanya nina mteja.

Mwaka jana msimamizi wake wa zamu aliandika majina ya watumishi watakaoiwakilisha hospitali kwenye michezo ya waajiriwa wa mji. Kwenye kutembea kilomita kumi, wanawake, hakukuwa na mtu. Akaandika jina la wifi bila kumuuliza, kisha akamwambia, "Mama, si ulikuwa unatembea zamani? Hata ukiwa wa mwisho tunapata alama ya kushiriki."

Alikuja saluni kwangu siku hiyohiyo, na sare yake ya kazi, harufu ya sabuni imetangulia.

"Wifi, nimeandikwa," akasema.

"Umeandikwa nini?"

"Kutembea. Nimekubali."

Alikuwa na miaka arobaini na tatu. Nikamwambia aachane nayo, magoti yatamlilia. Akakaa kwenye kiti cha wateja, akajitazama kwenye kioo.

"Sitaki kushinda," akasema. "Nataka nitembee, waamuzi wakinitazama, nifike mwisho. Basi. Binti yangu ana miaka kumi na saba, shuleni wanamwita mtoto wa Mguu Juu. Hajawahi kuniona nikimaliza." Halafu akageuka kunitazama. "Na wewe utasimama kwenye kona. Ni wewe ninayekuamini."

Nikasema sawa. Ningesema nini? Tangu siku hiyo chakula kilinishinda. Kila alfajiri nilimsikia akipita mbele ya nyumba, tap tap tap, kisigino kwanza, nami nimelala macho nikimhesabia. Wateja wakaanza kulalamika kwamba nawavuta. Mmoja alisema nimemsuka mpaka nyusi zimepanda, na alikuwa na haki.

Siku nne kabla ya mashindano alikuja nimsuke, mistari ya kurudi nyuma, midogo, isimsumbue. Nilikuwa nimesimama nyuma yake na kichwa chake mikononi mwangu. Tulikuwa peke yetu. Nusu ya kichwa ilikuwa tayari. Alikuwa anaongea kuhusu ile kona, kwamba tuhesabu kwa mawe kama zamani, kwamba niongeze sauti maana siku hizi sikio lake la kushoto lina kelele za mashine.

"Siku ile nilikudanganya," nikasema.

"Siku ipi?"

"Hakuwa hatua kumi. Alikuwa mbali, wifi. Mia mbili, labda na zaidi. Nilisema kumi ili ukaze mwendo."

Hakugeuka, maana nywele zake zilikuwa vidoleni mwangu. Kwenye kioo niliona macho yake yakihangaika, yanatafuta pa kutua. Nikasema nisamehe, nikasema nilikuwa mjinga, nikasema mengi yasiyo na kichwa wala miguu. Akainua mkono akaondoa vidole vyangu taratibu, kimoja kimoja. Akachukua kitambaa chake mezani, akajifunga kichwa, nusu imesukwa nusu iko timtim, akatoka. Hakubamiza mlango. Ningeshukuru kama angeubamiza.

Kesho yake sikufungua saluni mpaka mchana. Nilipofungua nilimkuta amekaa kwenye kizingiti.

"Malizia," akasema.

Nilisuka saa mbili nzima, nikafumua mistari miwili nikairudia. Nilipomaliza alijipapasa kichwa, akasimama, akakung'uta nguo.

"Kaka yako hajui," akasema. "Usimwambie kabla sijamaliza. Na kwenye kona sitaki mtu. Ukija, uje kama watu wengine, na ufunge mdomo wako."

Nikasema nimesikia.

Jumamosi asubuhi barabara ya kuzunguka uwanja, yenye mawe yake ya chokaa, ilikuwa imefungwa kwa kamba. Mizunguko kumi, kila mmoja kilomita moja. Wanawake kumi na mmoja walijipanga: makarani, walimu, mpishi mmoja wa hosteli aliyeapa amekuja kupunguza uzito tu, na askari wa zimamoto wa miaka ishirini na sita mwenye mapaja ya mtu anayepanda ngazi na bomba begani. Wifi alisimama pembeni kabisa na fulana ya hospitali iliyomzidi ukubwa. Watu walikuwa wanamkumbuka, haikuchukua muda. Nyuma yangu mtu akasema, "Huyo si Mguu Juu?" na mwingine akacheka.

Mimi na kaka yangu na binti yao tulisimama nje ya kamba, jirani na kona ya mwisho. Sikuichagua mimi, kaka ndiye aliyetupeleka. Alisema, "Hapa ndipo pako. Leo hatumwachi peke yake." Nikajiminya kwenye kamba.

Walipoanza nilipata nafuu kidogo, kwa sababu alikuwa mzuri. Haki ya Mungu, alikuwa mzuri. Wale wengine walijitupa mbele wakihema, yeye akaenda kama mtu aliyetumwa mahali anapopajua. Mzunguko wa tatu alikuwa wa tano. Mzunguko wa tano akampita mwalimu wa mwisho aliyekuwa mbele yake, akaongoza, na binti yake akaniparura mkono kwa furaha mpaka leo ninayo alama.

Mzunguko wa sita mwamuzi mmoja alimwonyesha kibao cha njano, onyo tu, lakini mwingine akamwandikia kadi. Alipopita tena mbele ya ubao, mbele ya jina lake palikuwa na alama nyekundu moja. Kaka akasema si kitu, moja si kitu. Mzunguko wa nane ikaongezeka ya pili.

Nilishika kamba kwa mikono yote miwili. Yule askari wa zimamoto alikuwa ameamka, kila mzunguko alikula mawe mawili, matatu ya lile pengo, na bado alikuwa msafi, hana kadi hata moja. Kaka yangu akanigeukia.

"Mbona umekaa kimya? Mwambie mwenzake yuko wapi!"

"Hataki kuambiwa."

"Nani hataki? Kazi yako ni hiyo! Mdomo wote huo, leo ndio umeufunga?"

"Kaka, niache."

"Dada, unanitia wazimu," akasema, na akaanza kupiga kelele yeye mwenyewe, maneno yasiyomsaidia mtu, "Twende! Twende!" Binti aliacha kuangalia barabara, akawa anaangalia ubao tu, midomo ikicheza. Alikuwa anaomba.

Ikapigwa kengele ya mzunguko wa mwisho. Nilimwona akitokea kwa mbali upande wa pili wa uwanja, akapotea nyuma ya ukuta, akatokea tena kwenye barabara iliyonyooka inayokuja kwetu. Kitu kilikuwa kimebadilika kwenye mwendo wake. Alikuwa anasikia nyayo za yule askari nyuma yake, ila hakujua ziko karibu kiasi gani, na lile sikio lake la kushoto lenye kelele za mashine halikumsaidia. Mabega yakaanza kupanda. Yakipanda mabega, miguu inafuata. Kwenye kona hiyo, hatua sita kutoka tulipokuwa, mwamuzi wa tatu, ambaye hakuwa ameandika kadi bado, aliinama akaweka mikono magotini kutazama vizuri.

Wifi alifika usawa wetu. Hakugeuza shingo. Akasema, kwa sauti ya kukauka lakini kila mtu aliisikia:

"Wifi! Ngapi?"

Nilitazama nyuma yake. Jiwe moja na kidogo. Katika muda wa kuvuta pumzi mambo mawili yalinijia. Nikimwambia yuko karibu ataongeza, na huyu aliyeinama ataandika, na binti yake ataona kwa macho yake kile alichokuwa anasimuliwa. Nikisema yuko mbali, atatulia, atafika. Uongo wa safari hii ulikuwa mzuri, wa huruma, ulikuwa umeshafika mpaka kwenye meno. Na nilitamani kuusema kuliko nilivyowahi kutamani kitu chochote.

"Kumi na mbili!" nikapiga kelele. "Kumi na mbili, wifi, na anakuja!"

"Ongeza!" kaka akapiga kelele. "Ongeza, mke wangu!"

Akapita. Mabega yakakaa juu hatua moja, mbili, tatu, nikafumba macho. Nilipoyafumbua yalikuwa yameshuka. Alifupisha hatua. Nilimwona akifanya hivyo kwa makusudi, kisigino, unyayo, kisigino, unyayo, kila mmoja umebanwa chini, na yule mwamuzi akageuka polepole kumfuata kwa macho na kalamu yake mkononi. Askari wa zimamoto akanipita mbele, akamfikia, wakaenda bega kwa bega kidogo, kisha akamwacha. Kaka yangu akatoa sauti ya mtu aliyekanyagwa. Wifi hakumfuata. Alimwacha aende zake, akabaki na mwendo wake mwenyewe mpaka kwenye mstari.

Wa pili.

Lakini kwenye mchezo huu kufika si kumaliza. Kadi inaweza kuja hata baada ya mstari. Tulikimbilia ubao, na wifi alikuwa amesimama mbele yake, mikono kiunoni, jasho likimdondoka puani, hataki maji wala hataki kushikwa. Mwamuzi mkuu alikuwa anakusanya karatasi kutoka kwa wenzake. Yule wa konani alikuja mwisho, anatembea taratibu kama anatoka sokoni. Akampa mkuu karatasi. Mkuu akaisoma, akaigeuza upande wa pili, akamwita karani wake wakanong'onezana. Nikasema moyoni, ni mimi tena. Nimemtoa tena, na safari hii kwa ukweli.

Karani akachukua kalamu akaenda ubaoni, upande wa matokeo. Akaandika muda wa askari wa zimamoto. Akashuka mstari mmoja. Akaandika jina la wifi yangu, na mbele yake: dakika hamsini na nane, sekunde arobaini na moja.

Binti alilisoma kwa sauti, jina lote, la kwanza na la ukoo, na sekunde zake. Akalisoma tena. Wifi aliketi palepale kwenye lami na kulia kama mtu aliyepigwa, na kaka yangu akapiga magoti akamfunika kwa mikono yake mirefu isiyojua la kufanya. Mpishi wa hosteli, aliyekuwa ndiyo kwanza anafika, aliwapigia makofi bila kujua ni ya nini.

Nilisubiri. Alipoinuka nilimsogelea, nikafungua mdomo, naye akaniinulia kiganja.

"Nilipokuuliza, nilijua ukinidanganya nitaisikia kwenye sauti," akasema. "Hukunidanganya. Ndiyo maana nikamwacha apite."

"Wifi, naomba un..."

"Usinianzie. Sijakusamehe, na leo sitaki hata kujaribu. Leo nina furaha. Nimeikosa miaka kumi na tisa, usije ukaiharibu. Njoo Jumatano, nitakuwa nimekasirika vya kutosha, tutaongea."

"Saa ngapi?"

"Nikitoka zamu."

Kisha akamshika binti yake mkono, wakarudi tena ubaoni kutazama, na kaka yangu akawafuata huku akiniuliza kwa nyusi kuna nini.

Jumatano nilifunga saluni mapema. Nilifika hospitali zamu yake ikiwa bado na saa nzima, nikakaa kwenye benchi la nje ya chumba cha kufulia, nikamsubiri.